Gari Lisilo na Alama Likikutaka Usimame Usiku

Swali hili limeletwa mbele ya kamati yetu mara nyingi mno, hata tukaona haifai tena kulijibu mlangoni mwa msikiti, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Dereva yuko barabarani usiku. Nyuma yake linatokea gari la kawaida lenye namba za raia. Linamwashia taa mara mbili, mara tatu, linampita, kisha mkono unatoka dirishani na kumwashiria aegeshe pembeni. Waliomo hawana sare. Je, analazimika kusimama? Na asiposimama, amevunja sheria?

Wanaouliza si watu wenye jambo la kuficha. Ni madereva wa michomoko wanaokwenda na kurudi kati ya Kahama, Masumbwe na Runzewe. Ni mabroka wa dhahabu wanaotoka Katoro na mfuko mdogo kiunoni. Ni mzee wa Nyarugusu anayemkimbiza binti yake mjamzito hospitali ya Geita saa nane za usiku. Kila mmoja wao ana hofu mbili zinazovutana. Akisimama, huenda amewasimamia majambazi. Asiposimama, huenda akapigwa risasi na askari wa kweli. Tumezichunguza hofu hizo mbili, na hatukuona hata moja iliyo ya kuchekwa.

Tuanze na ya pili, kwa kuwa imefika mahakamani na kutolewa hukumu.

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, Arshad Sharif, mwandishi wa habari mashuhuri wa Pakistan, alikuwa abiria ndani ya Land Cruiser katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, kwenye njia ya Magadi. Alikuwa ameihama nchi yake mwezi Agosti mwaka huohuo. Polisi wa eneo lile walikuwa na taarifa ya gari lililoibwa Nairobi, nao wakaweka kizuizi cha mawe barabarani. Dereva hakusimama. Risasi zikafyatuliwa, na Sharif akafa pale alipoketi. Baadaye polisi walieleza kuwa gari lile lilidhaniwa kuwa ndilo lililoibwa. Lakini gari lililokuwa likitafutwa lilikuwa Mercedes, na lenye namba tofauti. Wachunguzi waliotoka Pakistan walikuwa na maelezo mengine, kwamba yalikuwa mauaji ya kupangwa. Hilo tunaliacha kwa wenye kulichunguza. Linalotuhusu hapa ni kwamba mjane wake, akisaidiwa na vyama vya waandishi wa habari vya Kenya, alifungua shauri Mahakama Kuu ya Kajiado. Tarehe 8 Julai 2024 Jaji Stella Mutuku alitamka kuwa mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria na kwamba haki ya kuishi ilivunjwa, akaamuru familia ilipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 10.

Hukumu ile isisomwe kama ruhusa ya kupita vizuizi. Inachosema ni kwamba gari kutosimama hakumpi askari haki ya kuua waliomo. Ni faraja kwa watakaobaki hai. Kwa aliyekuwa kwenye kiti cha abiria, ilikuja karibu miaka miwili baada ya kuzikwa.

Tujiweke mahali pa dereva yule. Ni usiku, njia ina giza, na mbele kuna mawe. Katika Afrika Mashariki yote, mawe barabarani usiku yana tafsiri mbili, na hakuna maandishi juu ya jiwe yanayosema ni ipi. Madereva waliozeekea katika barabara za ukanda wetu wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalivuka mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha, kwa sababu majambazi walikuwa wakiziba njia kwa magogo na kupora abiria hadi viatu. Dereva aliyefunzwa kazi wakati ule alifunzwa kwamba ukiona gogo, usisimame. Geuza gari, au pita pembeni ukiweza. Mafunzo hayo yaliokoa roho za watu. Mafunzo hayohayo, mbele ya askari mwenye bunduki na haraka, ndiyo yanayoua.

Ya kwanza ni hofu ya jambazi anayejifanya askari, na kwetu ina sababu isiyopatikana mikoa mingine. Dhahabu ni mali nzito inayochukua nafasi ndogo. Gramu 100 zinatosha katika kiganja cha mtoto. Kabla ya soko la dhahabu la Geita kufunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa mwezi Machi 2019, mauzo mengi yalifanyika vyumbani na vichochoroni. Soko limeondoa mengi ya hayo, lakini halijaiondoa safari. Mzigo bado unatoka kwenye duara, unapita kwenye karasha, unakwenda kuchenjuliwa, ndipo unafika sokoni. Na fedha zinarudi kwa njia ileile, kuwalipa wachimbaji wanaosubiri porini. Zamani kivuko cha Kigongo kiliwasimamisha wote wanaokwenda Mwanza, penye taa na watu. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, na magari yanapita usiku kucha. Mabasi nayo yameruhusiwa kusafiri saa 24 tangu Oktoba 2023. Ni neema kubwa, ila sasa kuna watu wengi zaidi barabarani katika saa ambazo zamani barabara ilikuwa tupu.

Kigongo hapohapo palitokea jambo ambalo wengi wetu hatujalisahau. Mwezi Januari 2019 askari polisi wanane wa Mwanza walifikishwa mahakamani, wakituhumiwa kupokea rushwa ya mamia ya mamilioni ya shilingi na kuwasindikiza watu waliokuwa wakisafirisha dhahabu ya zaidi ya kilo 300 kinyume cha sheria. Hatulitaji ili kulipaka matope jeshi zima. Waliowakamata askari wale walikuwa polisi wenzao. Tunalitaja kwa sababu limegusa mahali ambapo swali letu huwa gumu kuliko kote. Watu huuliza kama waliomo ndani ya gari ni polisi au si polisi, wakidhani kuwa wakishapata jibu hilo wamemaliza. Kumbe mtu aweza kuwa askari wa kweli, mwenye kitambulisho cha kweli, na bado akawa yuko barabarani kwa kazi ambayo mkuu wake haijui.

Na yapo mazito zaidi. Tarehe 6 Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, kiongozi katika sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa ndani ya basi akitoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Katika eneo la Tegeta watu wenye silaha walilizuia basi kwa magari, wakamshusha mbele ya abiria wenzake na kuondoka naye. Siku iliyofuata mwili wake ulipatikana Ununio. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo na kuagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa ya kina. Mwezi mmoja kabla, Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kilikuwa kimetoa orodha ya watu 83 kilichodai wametoweka au kutekwa. Neno «watu wasiojulikana» limekuwa la kawaida vinywani, hata kwa watoto. Huwezi kumwambia dereva wa leo asimame bila kuuliza, kisha ushangae kwamba mkono wake unatetemeka kwenye usukani.

Sasa sheria inasemaje? Tumezisoma pamoja na ndugu yetu mmoja mwanasheria, naye alitusaidia kutenganisha yaliyoandikwa na yanayosemwa vijiweni.

Yaliyo wazi ni haya. Askari aliyevaa sare akikuashiria usimame, simama. Hapo hapana mjadala, iwe ni trafiki mwenye sare nyeupe mchana kweupe au askari wa doria usiku. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, inamtaka dereva atii, na kutotii ni kosa. Kizuizi kilichowekwa na polisi nacho kina nguvu ya sheria, kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322. Anayesema «mimi sina kosa, kwa nini nisimame?» amekosea swali, unasimama kwanza, kosa linajadiliwa baadaye.

Ugumu unakuja pale sare na alama zinapokosekana, na hapa vijiweni kuna makosa mawili. La kwanza husema kwamba asiye na sare hana mamlaka. Si kweli. Mamlaka ya askari yamefungamana na mtu mwenyewe. Hayako kwenye shati wala kwenye rangi ya gari. Mpelelezi aliyevaa kanzu ni askari, na anaweza kukamata. Kazi yenyewe ya upelelezi isingewezekana kama kila mpelelezi angezunguka na gari lenye namba za PT na maandishi ubavuni. La pili husema kwamba gari lenye king'ora na vimulimuli ni la polisi bila shaka. Hilo nalo si kweli, maana ving'ora na vimulimuli vinauzwa madukani, na Jeshi la Polisi lenyewe limefanya operesheni mara kwa mara kuviondoa kwenye magari ya watu binafsi.

Lakini sheria iliyompa askari mamlaka ndiyo iliyomwekea na wajibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ya mwaka 1985, inataka anayekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake. Inataka askari, kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, amtajie jina na cheo chake. Inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga heshima yake. Inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo dereva anayeomba kuona kitambulisho, na kuuliza jina, cheo na kituo, hajafanya ujeuri. Ameomba kile ambacho sheria tayari imemtaka askari akitoe. Na mtu anayekataa kutaja hata jina la kituo chake, huku akidai funguo za gari, amekwisha kujieleza.

Ipo alama nyingine ndogo ambayo tunaona inafaa kukumbukwa. Aliyevaa kiraia, akakusimamisha gizani kwa kosa la mwendo kasi au leseni na kudai faini mkononi, usimchukulie kama trafiki. Faini za barabarani hutolewa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, na hulipwa benki au kwa simu.

Wengine wametuuliza upande wa dini. Tutasema machache, maana sheria za barabarani hazikuteremshwa pamoja na wahyi. Kuwatii wenye mamlaka katika jambo jema kumeamrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 59, na taa za barabarani na vizuizi vya polisi vinaingia humo, kwa sababu makusudio yake ni kuhifadhi roho. Lakini wanazuoni wetu pia wameshikamana na kanuni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Anayekujia gizani na kusema «mimi ni polisi» ni mwenye kudai. Mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwake. Haukuhamia kwako kwa sababu tu anazo taa kali kuliko zako. Na wale vijana wanaopenda kuitaja ile hadithi ya anayeuawa akiitetea mali yake kuwa ni shahidi, tunawaomba waitazame vizuri. Inamhusu anayevamiwa na mporaji. Haijaja kumhalalishia mtu kukanyaga mafuta mbele ya askari hali amebeba abiria sita walioaminishwa kwake. Abiria ni amana. Roho zao hazimo katika mali yako ya kutetea.

Linalobaki ni namna ya kutenda, na hapa tunaona kisa cha dereva wetu kinafundisha kuliko vifungu.

Kamati yetu ina gari moja aina ya Noah, linalotumika kubeba wagonjwa na majeneza. Mwaka jana lilikuwa likisafirisha mwili wa bibi mmoja kutoka Kahama kwenda kijijini kwao, mbele ya Runzewe. Ilikuwa yapata saa nne za usiku. Ndani walikuwamo watu sita, wawili wao wanawake. Baada ya kupita Masumbwe, Land Cruiser nyeupe yenye namba za kiraia iliwafuata, ikawasha taa na kupiga honi mfululizo. Dereva wetu hakusimama, na wala hakukimbia. Aliwasha taa za hatari za pande zote mbili, akapunguza mwendo hadi kama wa baiskeli, akatoa mkono dirishani na kuonyesha mbele, mara kadhaa, ili wamwelewe kwamba anakwenda kusimama. Kijana aliyeketi kando yake alimpigia simu katibu, akataja mahali walipo na namba ya gari lile. Waliendelea hivyo kwa dakika ambazo kila aliyekuwamo anazihesabu kwa idadi yake. Walipofika kwenye kituo cha mafuta chenye taa na walinzi, akaegesha, akazima injini, akawasha taa ya ndani na kuweka mikono yote miwili juu ya usukani. Milango aliiacha imefungwa.

Wakashuka watu watatu, mmoja akiwa na bunduki. Dereva alishusha kioo kidogo, upana wa vidole vitatu.

«Shikamoo afande. Naomba samahani, naomba kuona kitambulisho.»

Kijana mwenye bunduki alipandwa na hasira. «Unataka kutufundisha kazi? Kwa nini hukusimama kule?»

«Kule kulikuwa na giza, afande, na nina akina mama ndani, na maiti.»

Mtu mzima kati yao alimshika mwenzake bega, akatoa kitambulisho, akakiweka kwenye mwanga na kutaja cheo na kituo chake. Walikuwa wakifuatilia Noah ya rangi hiyohiyo iliyotumika katika uporaji kwenye karasha moja jioni ile. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, wakaliona jeneza, wakarudi nyuma hatua mbili na kutoa pole. Walipokuwa wakiagana, mtu mzima alimwambia dereva: «Umefanya vizuri, mzee. Lakini si kila askari angengoja mpaka hapa.» Na yule kijana, bila kumtazama, akasema kwamba siku nyingine atakula risasi.

Hatutaki kuyafunika maneno ya yule kijana. Dereva wetu alifanya kila jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya, na bado salama yake, baada ya kudra ya Mwenyezi Mungu, ilitegemea kwamba katika gari lile alikuwamo mtu mzima. Kwa hiyo tunapoipendekeza njia ile, tunaipendekeza kama iliyo bora kati ya njia zilizopo. Anayekuahidi kuwa ni salama kabisa anakudanganya.

Si njia tuliyoibuni sisi. Afrika Kusini, nchi nyingine ya dhahabu, imesumbuliwa kwa miaka mingi na magenge yanayofunga taa za buluu kwenye magari na kujifanya polisi. Huko madereva wanashauriwa na mamlaka za barabara kufanya karibu hayohayo: wapunguze mwendo, wawashe taa za hatari, watoe mkono kuonyesha kwamba wameelewa na kwamba gari la nyuma liwafuate, kisha waende polepole hadi kituo cha polisi kilicho karibu. Uingereza imeliweka kwenye sheria kwa njia nyingine. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1988 inamlazimu dereva kusimama anapoamriwa na askari aliyevaa sare. Gari lenyewe laweza kukosa alama, ila si mtu. Na baada ya Machi 2021, askari mmoja wa London alipomteka na kumuua mwanamke, Sarah Everard, kwa kujifanya anamkamata kwa kazi yake ya kiaskari, polisi wa jiji hilo waliweka utaratibu kwamba askari asiye na sare, akiwa peke yake, amuunganishe mwanamke anayemsimamisha na ofisi ya zamu kwa simu ya video, ili ahakikishiwe kuwa anayezungumza naye ni askari na yuko kazini. Angalia kwamba muuaji yule hakuwa askari bandia. Kitambulisho chake kilikuwa halali.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa ushauri wote unaoelekezwa kwa dereva peke yake. Kitambulisho kinathibitisha mtu ni nani. Hakithibitishi kwamba ametumwa. Linalothibitisha hilo ni kituo, yaani mtu wa tatu aliye mbali na barabara, anayeweza kupokea simu na kusema «ndiyo, hao ni wetu, wako kazini». Leo dereva akipiga 112 kutoka porini, bahati ya mtandao ikimruhusu, anachohitaji si gari la kuja kumwokoa; lingechelewa. Anahitaji jibu la neno moja.

Kwa sababu hiyo tunatoa ombi kwa makamanda wa polisi wa Shinyanga na Geita, na tunalitoa kwa heshima. Gari lisilo na alama linapolazimika kusimamisha magari usiku nje ya mji, liwe na japo askari mmoja mwenye sare, au liite gari la doria lenye namba za PT lifanye kazi hiyo. Namba ya simu ya zamu ya kila wilaya itangazwe, na afisa wa zamu ajue ni timu zipi ziko barabarani usiku ule. Hayo hayahitaji bajeti mpya. Yangewalinda hata askari wenyewe, maana nao hupigwa mawe na wananchi wanaodhani wamevamiwa.

Tena hapa kwetu wazo hilo si geni. Sungusungu walianza katika vijiji vya Kahama na jirani zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo mgeni akipita usiku katika baadhi ya vijiji atakuta gogo na filimbi. Hawana sare na hawana kitambulisho, na yapo mabaya waliyoyafanya ambayo hatuyatetei. Lakini mtu wa kijiji akisimamishwa nao haogopi, kwa sababu anamjua mtoto wa fulani na jirani wa fulani, na wao wanamjua. Ni kule kujuana ndiko kulikokosekana kati ya dereva wetu na yule kijana mwenye bunduki. Katika barabara kuu hatuwezi kujuana kwa sura. Tutajuana kwa sare, kwa namba za gari, na kwa sauti ya afisa wa zamu upande wa pili wa simu.

Kuna jambo moja la familia ambalo wazee wetu wengi hulisahau. Anayesafiri usiku asisafiri bila mtu aliye macho nyumbani. Si kwa ajili ya wasiwasi. Ni kwa ajili ya simu. Kisa cha Noah kingekuwa kingine kama katibu angekuwa amezima simu na kulala. Mke ajue mumewe anapita njia gani, baba ajue binti yake amepanda mchomoko wa namba ipi, na mwenye fedha za mgodi asipande nazo gari usiku kama benki itafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Dereva naye asibishane na mwenye silaha. Akiwa ameshafika penye mwanga na ameshauliza jina, cheo na kituo, ashuke akiambiwa ashuke, na malalamiko ayapeleke kesho yake kwa mkuu wa polisi wa wilaya, akiwa na namba ya gari na saa ya tukio vimeandikwa.

Kamati imeamua yafuatayo kuhusu gari letu. Halitasafirisha jeneza nje ya wilaya baada ya saa mbili usiku, isipokuwa kwa dharura itakayokubaliwa na mwenyekiti au katibu; na likisafiri, litaandamana na gari la wafiwa, mawili kwa pamoja. Kituo cha polisi cha wilaya kitaarifiwa kabla ya kuondoka. Namba ya zamu tumeipata, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo upande wa akina baba na upande wa akina mama, na karatasi nyingine imebandikwa ndani ya Noah, juu ya kioo cha dereva, pale ambapo taa ya ndani inafika.